Kibao cha Kambi Namba Saba

Nalipwa kwa herufi. Ndogo shilingi kumi na tano,
kubwa ishirini, nukta bure.
Ndiyo riziki yangu mtaani Maweni, Malindi:
KINYOZI. SAMAKI WABICHI. USIKOJOE HAPA.
Kamati ya njia ikanipigia simu: Mbodze,
kuna kibao kule juu ya mto, kupita Chakama,
siku moja na nusu kwa miguu.
Beba nyeusi, nyeupe, na maji yako mwenyewe.

Nikabeba.
Jilo Dabasa alitangulia, panga mkononi, hageuki nyuma;
makopo yakinigonga goti,
Sabaki mkono wa kulia, rangi ya tofali bichi.
Miiba ya huko hutoza ushuru:
kila hatua kumi, uzi mmoja wa leso.

Kambi yenyewe ni hivi:
banda la makuti yaliyochoka, mapipa mawili,
choo kisicho na mlango lakini kina kufuli,
mafiga matatu meusi, na nguzo ya saruji
ambayo mtu aliikwaruza 7 kwa msumari
ingali mbichi.
Ya sita hakuna aijuaye ilipo.
Ya nane haikujengwa.

Karatasi ya kamati ilisema:
Kambi hii ilianzishwa na wapima ardhi mwaka 1953.
Nilihesabu kabla ya kusoma, ndivyo nilivyo:
herufi thelathini na saba, tarakimu nne.

Usiku Kenga Fondo, mtunza kambi,
alitoa daftari la wageni kwenye mfuko wa unga.
Mchwa wamekula Machi hadi Septemba,
hao ndio wasomaji pekee waliofika mwisho.
Tukasoma kilichobaki:
Maji yana chumvi. Simba mmoja, mbali.
Tumeacha sufuria kwa watakaofuata.
Na chini yake, mwandiko mwingine:
Sufuria haipo.

Jilo hakucheka. Akasukuma kuni kwa kidole cha mguu.
"Hayo mafiga," akasema, "aliyaweka Hawe Boru,
nyanya yake baba. Walikuwa wakija na moshi kutoa asali,
wanalala hapa, wanaondoka, mafiga yanabaki.
Wapima walimkuta. Midomo imepasuka,
mnyororo wao wa chuma unawaka jua.
Akachimba mchanga pale, kwenye kona ya mto,
akawachotea kwa kibuyu, mmoja mmoja.
Wakanywa. Wakaandika kwenye ramani: maji yapo.
Hawakuuliza yeye ni nani.

Mwaka wa pili ikaja barua isiyosomeka kwetu.
Wanawe wawili wakafungwa, kosa lao upinde.
Yeye akaambiwa amevamia."

Kenga alifunga daftari.
Fisi alisema lake huko ng'ambo, tukamwachia zamu.

Asubuhi nikapaka nyeupe, nikangoja ikauke,
nikaandika ya kamati kama ilivyolipiwa,
mstari umenyooka, sina haya nao.
Chini ikabaki nafasi, upana wa kiganja.
Nafasi tupu kwangu ni kama jino lililong'oka,
ulimi hauachi kuirudia.
"Boru," nikamuuliza Jilo, "inaandikwaje?"
Hakujua. Halijawahi kuandikwa.
Akalitamka mara tatu, polepole,
nami nikaandika nilivyosikia:

HAWE BORU ALIKUWA NA MAJI.

Kenga akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya.
Ishirini na moja. Zote kubwa.
"Hizi nani analipa?"
Nikamwambia, kwenye risiti andika nukta.

Jilo alisimama mbele ya kile kibao muda mrefu
kwa mtu asiyejua kusoma.
Akagusa rangi. Ikamshika.
Akaondoka na herufi moja kidoleni, sijui ipi;
nilipoiziba sikuuliza.

Kopo la nyeupe lilikuwa limekwisha.
Kenga akaliomba, la kuchemshia kunde.
Nikasema lisugue kwa mchanga kwanza, siku nzima.
Kisha nikafungua daftari, baada ya shimo la mchwa,
nikaandika bila kuhesabu:
Tumeacha kopo. Tafadhali, lisipotee.